Kipumulio cha mgongo wa paa: mwaka mmoja na nusu na ShingleVent II

Ilikuwa Februari. Jua limetoka baada ya wiki nzima ya baridi kali, nami nimerudi kutoka zamu ya usiku, nimelala. Tone likaniangukia shavuni, nikafuta. La pili likanipata jichoni. Nikaketi, nikatazama dirishani: mbingu nyeupe, theluji imekauka uani kama unga wa muhogo, mvua hakuna wala dalili yake.

"Baba Salim, njoo uone. Paa linavuja na mvua haijanyesha."

Mume wangu akatazama juu, akasema neno lake la kila siku, likiharibika gari, likiharibika friji: "Hilo si kubwa, Mama Salim."

Lilikuwa kubwa. Naandika haya kwa sababu tulibadilisha paa, tukaweka juu yake kitu kinachoitwa ShingleVent II cha kampuni ya Air Vent, na kila nikikutana na Mswahili mwenye nyumba huku baridini naulizwa kama kinafaa. Kinafaa. Ila jibu lina marefu yake, na nusu yake haihusu kitu chenyewe.

Tunakaa Brooklyn Park, kaskazini kidogo ya Minneapolis, Minnesota, mahali ambapo ukipiga chafya dukani huenda ukajibiwa kwa Kikisii. Nyumba yetu ni ya mwaka 1974, ya chini, futi 40 kwa 30, vigae vya lami, paa lisilo na mwinuko mkubwa: kila futi 12 za mlalo, paa linapanda futi 4. Mimi ni muuguzi, ufundi wa paa sikuusomea. Lakini kifua kisichopumua nakijua.

Asubuhi ile nilichukua ngazi na tochi nikapanda kupitia kile kidirisha cha dari kilichomo kabatini. Darini mtu huinama. Hata katikati kabisa, chini ya mgongo wa paa, pale pande mbili za paa zinapokutana juu, hapazidi futi 5. Nikamulika juu. Misumari inayoshika vigae hupenya mbao na ncha zake hutokeza chini, mamia kwa mamia. Kila ncha ilikuwa imevaa barafu nyeupe yenye manyoya, kama ukungu wa mkate uliosahaulika. Na kwa kuwa jua lilikuwa limeanza kupiga vigae, barafu ile ilikuwa inayeyuka. To. To. To. Dari zima linadondoka, mbele, nyuma, kushoto, kulia, kama mgema ametundika vibuyu mia. Mvua ilikuwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe: mvuke wa chai, wa wali, wa watoto wawili wanaooga kama viboko, umepanda ukapenya dari, ukakuta msumari wa baridi, ukaganda hapo wiki nzima.

Kwa asiyeishi huku nieleze kidogo. Juu ya dari kumetandazwa insulesheni, ile pamba ya kuzuia joto lisitoroke. Juu ya pamba pana nafasi tupu, halafu mbao, halafu vigae. Wakati wa baridi unataka ile nafasi tupu iwe baridi sawasawa na nje. Mimi ilinichukua miaka kulikubali hilo, maana unalipa gesi upate joto, halafu unaambiwa dari likiwa na joto ni ugonjwa. Lakini ndivyo. Dari likipata joto, theluji iliyo juu ya paa huyeyuka kwa chini, maji huteremka hadi kwenye upenu uliobaki baridi, yanaganda pale, yanajenga ukuta wa barafu, na maji yanayofuata yanarudi nyuma chini ya vigae. Kwa hiyo paa hutobolewa: hewa ya nje iingie chini ya upenu, ipande, itokee kwenye mgongo, itoke na unyevu na joto lake. Kile kinachofunika mwanya wa mgongoni ndicho nakiita kipumulio.

Bibi yangu kule Mtwapa hakuhitaji kununua kitu kama hiki. Kuta za nyumba yake hazikufika kwenye paa, hewa ilipita juu ya mtambaapanya kama imealikwa, na moshi wa jikoni ulijitokea wenyewe kwenye makuti. Hasara yake ni kwamba na panya naye alipita. Lakini tuyaache hayo.

Tulikuwa na kipumulio tayari. Hilo ndilo lililonikera. Aliyetuuzia nyumba alituonyesha kwa fahari kwamba mgongo wote una kipumulio, "wa kisasa". Kilikuwa cha ile aina inayokuja imeviringwa kama mkeka: nyuzi za plastiki zilizosokotana, mfano wa dodoki la kuogea, unalitandaza juu ya mwanya na kupigilia vigae juu yake. Ni rahisi kuweka na halionekani kutoka barabarani. Pembeni ni uwazi mtupu, hakuna kitu mbele yake.

Juni ikaja mvua ya mawe. Ukikaa Minnesota utazoea: mawe yakianguka usiku, asubuhi vijana wa kampuni za mapaa, wenye tableti, wanagonga mlango wakitaka kupanda paa lako bure. Bima ilikubali kulipa paa jipya. Kampuni ya kwanza ikaleta makisio: dodoki litoke, dodoki jipya liingie. Nikamwuliza yule kijana habari za barafu kwenye misumari. Akasema tuweke feni ya umeme darini. Hakupanda kuangalia. Sikumpigia tena.

Wa pili alikuwa fundi kutoka Ecuador. Kihispania changu ni cha wodini: unaumwa wapi, tangu lini, maumivu yanakuja na kuondoka? Basi nikamwuliza hivyohivyo kuhusu paa, akacheka mpaka akashika ngazi. Kabla ya kutaja bei alizunguka nyumba nzima akitazama chini ya upenu, akapanda darini kwa magoti, akarudi amejaa vumbi la pamba, akasema kwa Kiingereza chake na changu: shida yenu ya kwanza haiko juu. Nitairudia hiyo.

Halafu akatoa garini kipande cha ShingleVent II. Ni plastiki nyeusi, ngumu, urefu wa futi 4, inakunjika katikati ili ikae juu ya mgongo. Pande zote mbili zina safu ya matundu. Ndani kuna utando wa nyuzi za glasi wa kuchuja theluji, vumbi na wadudu. Lakini kilichonifanya ninunue ni ukingo ulio nje ya matundu, kama kizingiti kidogo kilichosimama mbele ya mlango. Akapuliza moja kwa moja kwenye ukingo kwa mdomo huku mkono wangu uko upande wa ndani. Sikuhisi kitu. Akageuza kipande cha dodoki la zamani, akapuliza, pumzi yake ikanifika kiganjani yote.

Hapo ndipo umbo linapofanya kazi. Upepo ukipanda paa ukakuta uwazi usio na kinga, unaingia. Darini kwako unapata upepo, na mvua, na theluji ile laini kama poda ambayo upepo wa kaskazini-magharibi unaisukuma popote penye ufa. Ukingo unaulazimisha upepo uruke juu ya matundu, na ukiruka kwa kasi unaacha nyuma yake mvuto. Kama umewahi kusimama kando ya barabara ya Ukunda lori likakupita mbio, unajua leso yako ilivyovutwa kulifuata. Ni hilohilo. Kwa hiyo upepo uleule uliokuwa adui unakuwa ndio unaonyonya hewa ya darini. Na kwetu lina uzito kuliko kwa jirani mwenye paa la kupanda, kwa sababu hewa ya joto hupanda yenyewe kwa nguvu zaidi kadiri mgongo ulivyo juu ya upenu. Sisi tuna futi 5 tu. Bila msaada wa upepo, hewa yetu ni mvivu.

Sasa hesabu, maana hapa wengi huibiwa. Kanuni ya nyumba za makazi inayofuatwa sehemu kubwa ya Marekani, IRC, inataka uwazi wa kupitisha hewa uwe sehemu 1 kwa 150 ya eneo la sakafu ya dari. Inaweza kushuka hadi 1 kwa 300 ukitimiza masharti: uwazi ugawanywe vizuri juu na chini, na kwenye baridi kama yetu dari liwe na kizuizi cha mvuke, kama karatasi ya plastiki, kwa chini. Hiyo 1 kwa 300 iliingia kwenye masharti ya FHA, shirika la serikali la kudhamini mikopo ya nyumba, mwaka 1942, na watu wanaitumia hadi leo kama aya. Fundi wangu hakuona karatasi ya plastiki chini ya pamba, akachagua 1 kwa 150.

Eneo letu ni futi za mraba 1,200. Gawa kwa 150 upate 8, yaani inchi za mraba 1,152. Nusu yake itoke juu: 576. ShingleVent II inapitisha inchi za mraba 18 kwa kila futi, hivyo tunahitaji futi 32 za mwanya. Mgongo wetu una 40. Akakata mwanya futi 32 tu, akaacha futi 4 kila mwisho bila kukata, lakini kipumulio akakipeleka mpaka mwisho ili mgongo uonekane sawa. Nilidhani ananipunja. Kumbe kutoa kuzidi kuingiza ndilo kosa lenyewe. Kipumulio kinachonyonya sana, na chini pamezibwa, kitavuta hewa kutoka popote itakapopatikana, na palipo karibu ni chumbani kwako, kupitia matundu ya taa na kile kidirisha cha kabatini. Yaani unalipa gesi kupasha joto hewa, halafu unainunulia chombo cha kuivuta nje.

Ndipo ile "shida ya kwanza haiko juu". Chini ya upenu tulikuwa na vidirisha kumi vya wavu. Sita vilikuwa vimepakwa rangi mara nyingi hadi havipitishi hata sindano, na vyote kumi kwa ndani vilikuwa vimezibwa na pamba. Miaka yote hiyo paa letu lilikuwa na pua na halina mdomo. Wakakata ukanda mrefu chini ya upenu mbele na nyuma, wakaweka wavu wa kupitisha inchi za mraba 9 kwa futi, futi 80 jumla, yaani 720. Unaona imezidi 576, ndivyo inavyotakiwa. Kisha kati ya kenchi wakasukuma vijia vya povu ili pamba isirudi kuziba.

Bei: bima ilikubali kulipia kipumulio cha aina ileile ya zamani, tofauti ya kupata chenye ukingo tukajaza wenyewe, dola 380. Kazi ya upenu ilikuwa dola 1,650, na bima haikutoa hata senti. Baba Salim alinuna siku mbili.

Siku ya kazi nilikaa uani na kikombe cha chai na sikuondoka. Walipong'oa dodoki la zamani fundi akaniita nipande ngazi nione. Upande wa mashariki mwanya ulikuwepo, ila nyuzi zimegandamizwa na bunduki ya misumari hadi zimekuwa bapa kama chapati, na zilizobaki zimejaa sufi nyeupe ya ile miti inayomwaga pamba kila Juni, pamoja na kiota cha nyigu. Upande wa magharibi, wallahi, karatasi nyeusi ya lami ilikuwa bado imepita juu ya mwanya, nzima, haikukatwa. Nusu ya kipumulio chetu "cha kisasa" ilikuwa imewekwa juu ya paa lililofungwa. Kofia juu ya kichwa kisicho na pua. Kampuni iliyofanya hivyo siijui, wala aliyetuuzia haijui.

Hiki kipya walikipigilia kwa nyundo ya mkono, misumari mirefu, na plastiki ile haikubonyea. Nadhani hiyo ni nusu ya faida yake: hata fundi mwenye haraka ni vigumu kuiua. Walifunga pia matundu ya pembetatu yaliyokuwa kwenye kuta za mwisho. Nililalamika, matundu ya bure unayafungaje? Akaeleza kwa vidole kwamba hewa ni mvivu: ikipata mlango karibu na mgongo itaingia pale na kutokea palepale, na huku chini kwenye unyevu haifiki.

Kisha jaribio langu, ambalo mume wangu hataki nilisimulie. Mei, kabla ya mawe, nilipanda darini siku ya upepo na kijiti cha udi kinachofuka. Chini ya mgongo, upande ule wenye mwanya, moshi ulikuwa unapanda, unasita, halafu unarudishwa chini usoni kwangu kila upepo ukivuma. Septemba, baada ya kazi, nikarudi na kijiti kingine siku ya upepo kama ule. Moshi ulinyooka kama uzi, ukaingia kwenye mwanya, ukapotea. Upepo ukizidi, uzi unakaza. Nikasogea hadi kwenye upenu: pale moshi ulikuwa unalala kuelekea ndani. Nilikaa naangalia mpaka Baba Salim akachungulia kidirishani.

"Mama Salim, unafukizia nini humo? Unataka kutuchoma?"

Alikuwa na haki, moto na pamba ya darini si vitu vya kukutanisha. Tangu siku hiyo sheria ya nyumba ni ndoo ya maji kwanza, udi baadaye.

Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa mtihani. Januari usiku mmoja ilishuka hadi 27 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Nimeweka kipimajoto kidogo darini kinachosomeka jikoni. Asubuhi yake: nje 21 chini ya sifuri, darini 17 chini. Nikapanda na tochi. Misumari ilikuwa mikavu, inang'aa tu, isipokuwa kipande kimoja cha ukubwa wa mkeka wa kuswalia juu ya bafu, ambako ncha zote zilikuwa na manyoya yaleyale. Hapo nikajua sijamaliza. Bomba la feni ya bafu lilikuwa limechomoka, linamwaga mvuke wa watoto wangu moja kwa moja darini, pengine kwa miaka. Tukaliunganisha hadi nje, tukalifunika kwa pamba, tukaziba na kile kidirisha cha kabatini kwa utepe wa sponji. Baada ya wiki mbili pakakauka. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba kipumulio kiliponya peke yake. Sehemu ya lile tone lililonipata jichoni lilitoka bafuni. Ningeanza na bomba na kidirisha, dola 40 zote mbili, kabla ya kuita mtu wa paa.

Barafu ya upenuni? Mwaka jana hatukupata ile mikuki inayoning'inia mbele ya mlango, ni vijino tu kwenye kona ya gereji. Theluji nyingi ikianguka inafunika mgongo wote siku moja mbili, halafu unaona mstari mweusi unajitokeza juu kabisa, kipumulio kinarudi kazini.

Wanaotarajia nyumba ipoe wakati wa joto wapunguze matumaini. Julai darini bado ni tanuri, ingawa jioni linapoa upesi kuliko zamani, na bili ya kiyoyozi imeshuka kiasi ambacho sithubutu kukitaja. Rangi ya vigae ina neno zaidi hapo. Tungechagua kijivu cheupe badala ya kile cheusi alichokipenda Baba Salim.

Malalamiko yangu juu ya vipumulio vya aina hii ni mawili. Mgongo unaonekana mnene kutoka barabarani, kama mtu aliyevaa kofia juu ya kilemba. Jirani mmoja aliuliza kama hatujamaliza kujenga. La pili ni wauzaji, wanaokitaja kana kwamba ndicho dawa, bila mtu kuinama kutazama chini ya upenu. Akija fundi asiyeuliza habari za upenu, mpe chai umuage.

Na kuna nyumba ambazo nisingeziwekea. Paa la pande nne huwa na mgongo mfupi, huenda usipate futi unazohitaji. Nyumba ambayo dari lake limefuata paa, bila nafasi tupu katikati, ina mambo yake mengine. Na kama tayari una feni ya umeme darini, chagua moja. Feni itavuta hewa kupitia kipumulio badala ya upenu, na mvua nayo ifuate.

Nimekipa nyota nne na nusu. Kazi ya upenu naipa tano, ingawa hakuna anayeipiga picha.

Juzi jirani yetu mzee wa Kikisii, mwenye nyumba iliyojengwa sawa na yetu, alipiga hodi. Nikadhani anataka namba ya fundi.

"Mama Salim," akasema, "nasikia una udi wa kukagua mapaa."

Nikampa vijiti vitatu na ndoo.